Mwalimu wa Vikapu Vitano

Siku ile nilisimama mbele ya darasa na kitabu ambacho sikuwahi kukishika, nikaambiwa nisome. Mkaguzi wa elimu, Bwana Ambakisye, alikuwa amekalia kiti cha Mwalimu. Katibu wa tawi la chama, Oswaldi, alisimama mlangoni, mikono nyuma. Wazazi walikuwa wamebanana ukutani, na baba yangu alikuwa katikati yao ameshika kofia yake. Mwalimu mwenyewe alikuwa dirishani na daftari. Yeye ndiye aliyekuwa akiita majina. Katika darasa la watoto arobaini na kitu tuliitwa kumi na mmoja, na mimi nilikuwa wa nne.

Mstari wa kwanza niliupita vizuri. Wa pili ulikuwa na neno nisilolijua. Nikafanya kama tulivyofundishwa: nikaliacha, nikaendelea. Maana Mwalimu alituambia kila siku ya Mungu, neno likikukataa usigombane nalo, pita, mbele ya safari litakufuata lenyewe. Nikaliacha lile, nikaliacha na jingine.

"Simama hapo," akasema Bwana Ambakisye. "Unaruka maneno."

"Ndiyo, bwana."

"Ndiyo nini? Nani amekwambia kusoma ni kuruka kama panzi?"

Watu wakacheka. Nikamtazama Mwalimu. Ilitosha aseme neno moja tu, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Mwalimu akawa anatazama nje kwenye ukungu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake wakirudi, na ng'ombe hakuwa nao.

"Haya ndiyo matunda ya vikapu," akasema Katibu.

"Kaa chini," akasema mkaguzi.

Mwalimu akafungua daftari, akaandika jina langu. Walioandikwa mle hawakufanya mtihani wa kwenda darasa la tano. Nilikuwa na miaka kumi na miwili kwa hesabu ya mama, na shule yangu iliishia pale, nimesimama.

Naandika haya kwa mkono wangu, polepole, na mahali nilipokosea herufi mnisamehe au msinisamehe, ni shauri lenu. Majina ya watu nitayataja. La Mwalimu sitalitaja. Si heshima. Ni kwamba sisi tulimwita Mwalimu tu, mkewe alimwita Mwalimu, hata mbuzi wake akipotea watu walisema mbuzi wa Mwalimu. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui na sikuwahi kutaka kujua. Ninachokijua ni alichofanya darasani miaka miwili niliyokaa mbele yake, na alichofanya siku ile moja.

Kwanza nieleze vikapu, maana bila vikapu huwezi kumwelewa.

Tulikuwa tumehamishwa. Vijiji vyetu vya zamani vilikuwa vimetawanyika, nyumba tatu huku, nyumba tano kule, kila mtu karibu na matuta yake ya ulezi. Ikaja operesheni ya vijiji vya ujamaa, tukapangwa mstari mmoja juu ya kilima kitupu, pasipo mti wala kichaka, upepo wa Ufipa unakupiga kuanzia asubuhi. Shule ilijengwa kabla ya nyumba zetu nyingi kupata paa. Vitabu vilivyoletwa vilikuwa vichache, kitabu kimoja watoto sita, na anayekaa pembeni anasoma kwa shingo. Halafu vilikuwa na kasoro nyingine. Kitabu cha kwanza kilisema baba analima, mama anapika. Cha pili, hapo hapo, kilikuwa kinasimulia habari za bandari na kiwanda na kamba za mkonge. Ni kama mtu akuoneshe kizingiti, halafu akuambie panda juu ya paa.

Mwalimu alivitazama vitabu vile wiki moja, akaviweka kabatini. Akaanza kuandika vyake. Aliandika kwenye karatasi za kahawia za mifuko ya saruji, alizozikata sawasawa na kushona kwa uzi wa gunia. Akamwomba bibi mmoja fundi wa kusuka amfanyie vikapu vitano. Kikapu cha kwanza kilikuwa cha hadithi fupi, maneno machache yanayojirudia. Cha pili kiliongeza kidogo. Hivyo hivyo mpaka cha tano, ambacho ukikimaliza, alisema, unaweza kusoma hata barua ya serikali. Kila mtoto alichukua karatasi kwenye kikapu chake. Hakuna aliyesukumwa kwenda mbele, na hakuna aliyezuiwa. Ukisoma hadithi nne bila kukwama sana, unahama.

Alikuwa na namna yake ya kupima hadithi. Alimwita mtoto mmoja, akamsomea alichokiandika, mkononi ameshika maharage. Kila mtoto alipokunja uso kwa neno asilolijua, harage moja linaingia kwenye kopo. Yakizidi kumi, anarudi nyumbani na hadithi yake, anaandika upya.

"Hii ina maharage mengi," alisema. "Itawavimbisha."

Siku nyingine alitoka darasani akiwa ameudhika kabisa na kopo limejaa, sisi nyuma tukicheka, naye akituambia bila kugeuka, "Chekeni. Kesho mtaisoma wenyewe."

Na hadithi zenyewe alizipanga kwa ujanja. Kulikuwa na moja ya bibi aliyebeba moto kwenye chungu. Kwenye kikapu cha kwanza ilikuwa sentensi sita tu: Bibi ana chungu. Chungu kina moto. Bibi anatembea. Kwenye kikapu cha pili hadithi ni ile ile, ila sasa unaambiwa ametoka wapi, na mvua inanyesha. Kwenye cha tatu amefika kwenye nyumba za watu asiowajua, anaomba nafasi ya kuuweka moto wake, nao wanaulizana kama moto wa kwao hautoshi. Hapo inakatika. Ukitaka kujua walimjibuje, hamia kikapu cha nne. Ukimwuliza Mwalimu anakuambia, "Mimi sijui. Kikapu kinajua." Watoto tulisoma kwa hasira ya kutaka kujua. Wengine walijaribu kuiba karatasi za kikapu cha mbele, wakakuta maneno hawayawezi, wakazirudisha wenyewe.

Mimi niliishia kikapu cha tatu. Mpaka leo sijui yule bibi walimjibuje. Niliwahi kumwuliza mwenzangu aliyefika cha tano, akaniambia amesahau. Amesahau, na mimi nimekaa na swali hilo miaka yote hii.

Sasa msije mkamfanya mtakatifu. Alikuwa mkali, na hakuwa mkweli kila siku. Ukizungumza Kifipa darasani, anakuvisha kipande cha ubao shingoni kwa kamba, unakivaa mpaka umkamate mwenzako naye anasema Kifipa, umvishe. Mimi nilikivaa mara nyingi kwa sababu nikishtuka tu Kiswahili kinakimbia. Lakini jioni huyo huyo Mwalimu anakuja kwetu na daftari, anakaa jikoni karibu na bibi yangu, anamwomba hadithi, na bibi anasimulia kwa Kifipa mwanzo mpaka mwisho, naye anaandika, anacheka mahali pa kuchekea.

Bibi alimwambia siku moja mbele yangu, "Mwalimu, mchana unamfunga mjukuu wangu ubao kwa lugha hii. Jioni unakuja kuiomba."

"Mimi nachukua mbegu tu, bibi."

"Mbegu huombwa. Na mwenye mbegu hupelekewa mavuno aonje."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuandika. Ubao haukuondoka shingoni mwetu.

Pombe pia. Alitukataza hata kupita karibu na nyumba yenye pombe ya ulezi, akasema pombe inakula akili kama mchwa. Kila Jumamosi mkewe alitumwa kwa jirani na birika, na Mwalimu alikaa barazani na kikombe na kisosi, anakunywa chai. Chai yenye povu. Wazee walipopita walimsalimu kwa adabu, "Mwalimu, chai imeiva leo?" Naye anajibu, "Imeiva vizuri, karibuni," na hakuna aliyekaribia, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwaibisha. Nyakati zile niliona ni jambo la kuchekesha. Sasa ninaona ndiyo tabia yake yote. Alikuwa mtu wa kufanya jambo lake vizuri kabisa alimradi asiulizwe. Akiulizwa, kikombe kina chai.

Baiskeli alikuwa nayo, ila aliisukuma zaidi ya kuipanda, kwa sababu ya upepo. Suruali yake iliishia juu ya vifundo. Aliposoma barua za watu waliomletea, hakusoma hivi hivi. Alimwambia mwenye barua, "Neno la kwanza soma wewe, mengine nitakusaidia." Watu wazima walisimama pale jasho likiwatoka wakitafuta neno moja. Baba yangu alisimama hivyo siku nzima kwa barua ya ndugu yake wa Kasanga, mpaka akalipata, na neno lenyewe lilikuwa "Kaka". Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeua nyoka.

Baba ndiye aliyenipeleka kwake. Mwaka wa kuhamishwa sikusoma kabisa, tulikuwa tunajenga, tunabeba nyasi za kuezekea. Nilipoingia darasani wenzangu walikuwa mbali. Baba akamwambia, "Mwalimu, mtoto huyu amechelewa kwa sababu yetu sisi, si yake."

Mwalimu akampa mkono. "Baba Leokadia, nipe mpaka ulezi wa mwaka kesho uvunwe. Atakuwa kikapu cha tano. Mtihani utamkuta yuko tayari."

Na ingekuwa hivyo. Nasema ingekuwa hivyo kwa sababu nilikuwa nahama. Kikapu cha kwanza nilikimaliza upesi, cha pili kikanishika kidogo, cha tatu nilikuwa nakimaliza. Ulezi ulikuwa shambani bado mbichi.

Ndipo akaja Katibu Oswaldi. Hakuwa mtu wa shule. Alipita tu siku moja, akatukuta tumekaa makundi matano, kila kundi na kikapu chake. Akasimama mlangoni, akauliza.

"Ndugu Mwalimu, hawa wa mbele ni akina nani?"

"Kikapu cha tano, ndugu Katibu. Wamesonga."

"Na hawa wa nyuma?"

"Kikapu cha kwanza. Nao wanakuja."

"Kwa hiyo wapo wa juu na wapo wa chini."

"Kwa kusoma tu, ndugu."

Katibu akaingia mpaka katikati, akatuhesabu kwa kidole. "Sisi tumewatoa watu mabondeni tukawapanga mstari mmoja, nyumba kwa nyumba, asiwepo mkubwa wala mdogo. Wewe humu ndani unajenga matabaka."

Wengine walidhani anatania. Hakuwa anatania. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliitisha mkutano, akaeleza kwamba shuleni watoto wamegawanywa kama enzi za wakoloni, wa kikapu cha kwanza watumwa, wa kikapu cha tano mabwana. Kuna mama mmoja alisimama akasema mwanawe yuko kikapu cha kwanza na hajalalamika. Katibu akamjibu kwamba mnyonywaji huwa hajui kama ananyonywa. Baada ya hapo hakuna aliyesimama. Mwalimu alikuwepo. Alikuwa amekaa benchi la mbele.

Kuanzia Jumatatu ikawa kitabu kimoja, ukurasa mmoja, siku moja, darasa zima, kama tunavyolima shamba la kijiji kwa mstari. Vile vitabu vya kabatini vikatolewa. Waliotoka kikapu cha tano walisoma wakichoka kusubiri. Sisi wa cha tatu kushuka chini tulishika mkia, tunasikia sauti za wenzetu, tunafungua midomo pamoja nao bila kuona neno. Mtoto anaweza kuimba ukurasa mzima kwa kufuata wenzake, ukamfunika macho akaendelea kuimba. Hiyo ndiyo kusoma kwa usawa kwa Oswaldi. Vikapu wanawake walipewa wabebee mahindi ya shamba la kijiji. Karatasi sijui zilikwenda wapi. Mwalimu alitufundisha ukurasa wa siku, akafunga kitabu, akaenda nyumbani.

Kisha akaja Bwana Ambakisye, na ile siku niliyoanza nayo.

Baada ya pale sina mengi. Nililima shamba la kijiji na watu wazima. Niliolewa kabla sijafika miaka kumi na saba. Baadaye kikaja kisomo cha watu wazima, nikaenda, nikakuta mwalimu wa kisomo ni Fidelis. Fidelis ni mpwa wa Katibu. Tulikuwa darasa moja, yeye kikapu cha pili mwaka mzima, harufu ya karatasi tu ilimpa usingizi. Alikwenda darasa la tano, akaenda mpaka la saba. Akanipa kitabu cha kwanza, akaniambia, "Mama, tamka a." Nikatamka. Ningefanya nini? Niliyoyajua baadaye niliyasoma mwenyewe, kwenye magunia, kwenye kalenda za parokia, kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama.

Miaka michache iliyopita nilimwona. Nauza mahindi na ulezi Sumbawanga, soko la mazao, nina meza yangu. Akaja mzee na fimbo, kijana wa bodaboda anamsubiri barabarani, akauliza bei ya debe la mahindi. Sauti nikaijua kabla ya uso.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mama. Umenijuaje?"

"Mimi Leokadia. Kikapu cha tatu."

Akaegemea fimbo. Alinitazama, akatabasamu kama mzazi. "Leokadia. Wewe ulikuwa unasoma vizuri."

Kama angesema nilikuwa mzito, ningempimia mahindi yake, akaenda zake.

"Kama nilikuwa nasoma vizuri, Mwalimu, kwa nini uliniandika?"

"Yale mambo ya zamani, mama."

"Nakuuliza."

Akamtazama kijana wa bodaboda, kijana alikuwa anachezea simu yake. "Walitaka majina," akasema. "Mkaguzi aliniambia usiku wa kuamkia siku ile, nafasi za la tano ni chache, tukipeleka wote shule itaonekana mbovu. Punguza kumi na mmoja. Waite wasome mbele ya wazazi, waone wenyewe, asije mtu kulalamika."

"Alinitaja mimi?"

"Hakumtaja mtu. Hakumjua mtu."

"Katibu alinitaja?"

"Katibu alitaka tu isiwe Fidelis."

"Basi nani alinichagua?"

Nilikuwa nimeshika debe tupu. Wateja wawili walisimama nyuma yake, nikawaambia wasubiri. Akavuta pumzi ndefu.

"Nilichagua mimi. Elewa, mama. Mtoto wa balozi wa nyumba kumi huwezi kumgusa. Mtoto wa katekista, baba yake angefika kwa Padre siku hiyo hiyo. Wengine baba zao wangekuja nyumbani kwangu na fimbo. Baba yako alikuwa mtu mpole. Nilijua hatakuja."

"Ukanipa kitabu nisichokijua."

"Mngesoma vile vya vikapu, mngesoma wote."

Akasema pole. Nikampimia debe lake, nikalijaza mpaka juu kama ninavyompimia mtu yeyote, kijana akalifunga kwenye pikipiki. Pole yake sikuipokea. Nilimwambia aibebe pamoja na mahindi.

Kwa sababu alikuwa amesema kweli. Baba hakwenda. Siku ile alitoka darasani na kofia yake mkononi, akarudi nyumbani, akachukua jembe. Aliniambia mara moja tu, kwa upole huo huo, "Si kila mtu kaumbiwa karatasi, mwanangu." Wadogo zangu hakuwapeleka kwa bidii, akisema kichwa cha ukoo wetu ni cha jembe. Barua ya Kasanga ikija, aliipeleka kwa mtu akasomewa yote, neno la kwanza hakujaribu tena. Amekufa akiamini mtoto wake hakuweza kusoma, na kwamba uzito ule niliurithi kwake. Aliwahi kuniomba radhi kwa hilo. Baba yangu, kuniomba radhi mimi.

Katibu Oswaldi yupo Matai, ana mashine ya kusaga, Jumapili anakaa kiti cha mbele kanisani. Bwana Ambakisye nasikia alistaafu, akarudi kwao Mbeya. Mwalimu yupo hapa hapa mjini, nyumba ya binti yake, na anatembea bado. Watatu wote wana miguu. Baba amezikwa kijijini, juu ya kilima kile kile tulipopangwa, kaburi la nne ukitokea shuleni.

Sidai kingine. Nataka mmoja wenu, ninyi watatu, apande gari, afike pale, aseme kwa sauti, majirani wasikie, kwamba mtoto wa mzee huyu alikuwa anajua kusoma na ninyi mlijua. Nauliza, na nitauliza kila nikimwona mmoja wenu: anakwenda nani?